Ufunguo wa Nyumba ya Horini

Kila kiangazi watu wa kijiji chetu hufunga nyumba, huiacha milima na hori lake, ule mkono wa bahari, na kuhamia mjini Khasab kuvuna tende. Asubuhi bibi na mama huenda kwenye mitende. Mimi hubaki nyumbani kuanika tende mikekani na kupokea simu, maana bibi husema simu humpotezea wakati.

Asubuhi moja alipiga mama mdogo Raya, mke wa baba mdogo. Yeye ni mzaliwa wa Sohar na hajawahi kuja kwetu kiangazi.

"Mozna, likizo hii nawaleta watoto. Nataka walale kule kwenye nyumba ya bibi, waone bahari inavyoingia katikati ya milima. Hebu muulize bibi kama inafaa, na kama maji yapo."

Nyuma yake nilimsikia binti yake Wadha akicheka. "Huko si mawe na mbuzi tu?"

Maneno hayo yaliniuma. Nilitaka Wadha aone hori letu mpaka akose la kusema. Lakini nilijua bibi atakataa. Kijijini hakuna kisima. Maji huletwa na boti, na watu wakishahama, boti hiyo haiji. Kwa hiyo sikumuuliza. Kesho yake nilimwambia mama mdogo, "Bibi amesema karibuni. Tangi limejaa."

Nilijidanganya kwamba angalau nusu ya tangi ilibaki.

Siku ya safari nilichukua ufunguo kwenye msumari wa mlangoni. Bibi nilimwambia mimi na wageni tunazunguka na boti tu, tutarudi kwa chakula cha mchana. Mama mdogo, aliposhuka garini na watoto, nilimwambia bibi yuko shambani, tutamwona kesho. Ami Zayid, mwenye boti, aliuliza bandarini, "Maji mnayo?"

"Tangi limejaa, ami," nikajibu. Ulikuwa uongo wa tatu asubuhi hiyo, nao ulitoka kwa urahisi.

Alitushusha, akaahidi kutufuata asubuhi ya pili, akaondoka.

Nilifungua bomba la tangi. Likakohoa mara mbili, likatoa kutu. Nikakimbilia ndani kwenye mtungi wa bibi, ule mkubwa kuliko mlango, uliowekwa kabla kuta hazijajengwa. Nilipoinama ndani yake niliona vumbi na mjusi mkavu.

"Hata mbuzi wenu wamehama," alisema Wadha. Hakuna aliyecheka.

Chupa tulizobeba ziliisha kabla ya adhuhuri. Mawe yalichoma miguu na ndani ya nyumba hewa ilikuwa nzito. Nilipanda mwamba na simu ya mama mdogo, nikaizungusha huku na huku. Milima ilikuwa imetuzingira na mtandao haukushika. Mbele yetu maji yalijaa hori zima, na hata kikombe kimoja hakikufaa kunywewa.

Kisha Hamdan, mdogo wake Wadha mwenye miaka mitano, akatapika. Alilia kidogo, halafu akanyamaza, na ukimya wake ulinitisha kuliko kilio. Mama mdogo alilowesha mtandio wake baharini akamfunika, akarudia, akarudia tena.

"Mama mdogo," nikasema, "sikumuuliza bibi. Hajui kama tuko huku."

Aliukamua mtandio. "Mozna, si nilikuuliza?" Basi, hilo tu. Afadhali angenipiga.

Sikuwa na la kufanya. Nilikaa kizingitini, nimeushika ufunguo, nikilia kimyakimya.

Karibu na alasiri tulisikia injini. Bibi alisimama mbele ya boti ya Ami Zayid kati ya madumu ya maji, mikono yake ingali inanata tende. Hakunisalimu. Alimpakata Hamdan na kumnywesha kijiko baada ya kijiko, mpaka mtoto akafumbua macho na kudai chupa nzima.

Tukiwa njiani kurudi ndipo aliponiita kando yake.

"Mchana umepita hamjarudi. Nikatazama msumari, ufunguo haupo. Ningechelewa shambani leo, ingekuwaje?"

Niliufumbata ufunguo.

"Ungeniuliza ningekataa, ungenuna siku mbili, na wakati wa baridi tungekuja wote. Uliogopa neno langu moja, ukamtia mtoto mdogo hatarini. Mtu akikuuliza kama maji yapo, mjukuu wangu, anakukabidhi uhai wake. Mwambie kweli, hata kama kweli hiyo itakuharibia likizo."

Nilimwomba radhi yeye, kisha mama mdogo, kisha Wadha, na huyo wa mwisho ndiye aliyenitoa jasho.

Nyumbani nilimkabidhi bibi ufunguo, nikijua ataufungia sandukuni. Aliufuta vumbi, akautundika palepale kwenye msumari, mahali ninapoufikia, akarudi kwenye tende zake.