Kisanduku cha Valarie

Droo ya kisanduku cha tatu ilikuwa na unyevu ndani. Sitati aliipangusa, akaianika juani, na aliporudi akaikuta imelowa tena, inanuka maziwa yaliyochacha. Akalaumu gundi. Mtu aliyechoka hulaumu chochote kilicho karibu.

Na alikuwa amechoka kwelikweli. Miaka ya karakana ya reli ilikuwa imemmaliza magoti, na badala ya kupumzika nyumbani, mtaani Section 58, alikuwa amejitwika visanduku vya Krismasi: cha binti yake Natasha aliyekuwa Nairobi, cha mkewe Nabalayo, na cha Valarie, mtoto wa Natasha, waliyekuwa wakimlea. Gogo alipewa na Muiruri, dereva wa lori la viazi. "Chukua tu, mzee," Muiruri alimwambia, "mimi siwezi rudi nayo Molo." Sitati hakuuliza kwa nini, cha bure nani hukihoji? Alilikata vipande vitatu kwa msumeno wa ukanda, akapasua mgongo wa kila kipande, akatoa droo tumboni mwake, kisha akaurudisha mgongo kwa gundi hata usione palipokatwa.

Alasiri hiyo alizima mashine, lakini sauti haikuzimika. Ilishuka tu, ikawa nyembamba, ikawa kilio cha mtoto mchanga.

Nabalayo alitoka jikoni, mikono imejaa unga. "Baba Natasha, huyo ni mtoto wa nani?"

"Hata mimi nasikia tu."

Walikifuata kilio hadi kwenye kisanduku cha tatu. Sitati akavuta droo: kimya, na ndani hamna kitu. Akaifunga: kilio.

"Hii nachoma saa hii," akanong'ona.

"Utachoma mtu wetu?" Nabalayo alimshika mkono. "Kwetu mtoto akilia hivi na akatae titi, si anataka jina? Tunaita majina ya wale walikufa mpaka anyamaze; lile atanyamazia ndilo lake."

"Mti ni ya Molo, mama. Watu wetu walienda Molo kufanya nini?"

"Wewe ita tu."

Sitati aliona kabisa kwamba hilo si sawa. Lakini kubishana na Nabalayo kulitaka nguvu, na nguvu hakuwa nazo. Alijuta baadaye, alijuta sana.

Wakaita. Khaoya. Namarome. Kilio kikazidi. Wakaita wajomba, wakaita shangazi waliokufa wakiwa wasichana, wakaita watoto ambao hawakumaliza wiki, na kila jina lilipotajwa kilio kilipanda na ile harufu ya maziwa ikawakaba koo, hata majina yao yote yakaisha na Nabalayo akawa anayarudia huku machozi yanamtoka, na droo, ambayo hakuna aliyeigusa, ikaanza kujisukuma polepole, ndani, nje, ndani, nje, mfano wa kifua kinachohema.

"Kukhu, nani analia?" Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni akimtazama nyanya yake, bado na sare ya shule.

"Valarie! Rudi ndani!" Nabalayo akapaza sauti.

Kilio kikakatika hapohapo.

Wazee wakatazamana. Kilio kilikuwa kimenyamazia jina la aliye hai. Sitati alivibeba visanduku vyote vitatu hadi uani, akavimwagia mafuta ya taa, akavichoma. Mama Chepkemei wa kanisani akaja kuomba, akakemea mpaka sauti ikamkauka. Vikateketea kama kuni yoyote ile. Harufu ikaondoka.

"Imeisha," alisema Mama Chepkemei.

Sitati aliketi mezani, akahisi usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu gogo lile liingie kwake. Nabalayo akapakua ugali. Mtoto alikuwa kwenye kiti, anachora.

"Valarie, kuja ukule."

Hakugeuka.

"Valarie!"

"Nakuja, Kukhu," ikaitika sauti changa kutoka uani, kwa furaha.

Sitati akaushika ukingo wa meza. Mtoto akaacha kuchora, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Kukhu," akauliza, "na mimi naitwa nani?"

Nabalayo akafungua kinywa amjibu. Majina yote ya marehemu yakamjia ulimini, moja baada ya jingine, ila la mtoto huyu hakuliona popote.