Kabla ya Kulibomoa Tanuri

Ukipita nyuma ya soko la Mbinga asubuhi, pua itakuonyesha nyumba ya Mama Jacqueline. Huna haja ya kuuliza njia. Ni harufu ya mkate wa moto.

Jina lake ni Walburga. Mume wake, Ildefonsi, ni mkulima wa kahawa. Nyuma ya nyumba yao kuna tanuri la matofali. Zamani tanuri hilo lilikaa baridi wiki nzima, maana unga wa ngano ulipatikana kwa kujuana na mwenye duka. Sasa biashara imeachiwa huru. Unga upo, hamira ipo, kazi ni kwako tu. Basi Walburga akawa anaoka karibu kila siku.

Jumapili moja alirudi kutoka kanisani mbio, kitenge mkononi.

"Baba Jacqueline! Askofu anakuja kutoa kipaimara. Kamati ya parokia imenichagua mimi kuoka mikate ya sikukuu!"

"Yote?"

"Yote!"

Alipiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia. Ildefonsi naye alifurahi sana. Lakini furaha ya Ildefonsi ina hatari zake. Bwana huyu akifurahi, lazima atengeneze kitu.

Safari hii alitaka tanuri lipendeze mbele ya wageni. Alinunua mfuko wa sementi. Akalipiga lipu tanuri lote, nje na ndani, kama alivyolipiga lipu tangi lake la kuchachushia kahawa.

"Sementi ndani ya moto?" Walburga aliuliza.

"Mama Jacqueline, tangi langu lina miaka mingi, halijavuja hata tone. Sementi ni sementi."

Walburga akawasha moto, kisha akapanga mikate ndani. Haukupita muda, pa! Lipu ikapasuka. Vipande vikaangukia mikate. Ufa mrefu ukafunguka juu ya mlango, na joto lote likatokea hapo. Mikate ikatoka imeungua chini, juu mibichi.

Walburga alikaa chini na machozi yakamtoka.

"Sikukuu imebaki wiki mbili," alisema. "Tanuri likishindwa, kamati itaagiza mikate Songea. Nitauweka wapi uso wangu?"

Ildefonsi aliinuka haraka. Alikwenda kumwita fundi Dunstan.

Dunstan alikuja, akasimama mbali, mikono mfukoni. Akatikisa kichwa.

"Hili limekufa," alisema. "Tubomoe, tujenge jipya."

Akataja bei. Bei moja, ya jumla, bila maelezo. Ildefonsi alipiga hesabu kichwani na akaona jibu limesimama bandani. Ilikuwa bei ya nguruwe wao jike, tena mwenye mimba.

Sasa, huyo hakuwa nguruwe wa mchezo. Jacqueline, binti yao, alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari. Watoto wa nguruwe huyo ndio waliokuwa ada yake. Nguruwe akiuzwa, mkate utaokwa, lakini Jacqueline atabaki nyumbani.

Kesho yake Ildefonsi alikuwa anamfunga nguruwe kamba mguuni. Jacqueline alisimama pembeni. Mara wakasikia sauti mlangoni.

"Hodi hapa! Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina! Karibu, Bibi Maendeleo!"

"Shikamoo," Jacqueline alisalimia.

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa Herieth, Bibi Maendeleo wa kata, yaani afisa maendeleo ya jamii. Ni mwenyeji wa Liuli, kule ziwani, na ni mtu wa kucheka. Alimtazama nguruwe, akamtazama Ildefonsi.

"Huyu mwenzangu anasafirishwa wapi na tumbo hilo?"

Walimweleza yote. Herieth aliweka mkoba chini, akakunja mikono ya blauzi na kuinama mbele ya tanuri. Akagonga kwa ngumi, hapa na pale.

"Sikiliza hapa," alisema. Ko, ko, ko. "Tofali limeshika vizuri. Sasa sikiliza huku." Pu, pu. "Huku lipu imeachana na tofali. Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Chungu kizima na chungu chenye ufa havilii sawa. Dunstan aligonga wapi?"

Walburga na mume wake walitazamana.

"Hakugonga," Ildefonsi alisema. "Alisimama pale."

"Pale? Kwenye mgomba?" Herieth alicheka. "Basi aliwapa bei ya kubahatisha. Na ninyi mkaikubali. Baba Jacqueline, ukiuza kahawa, unakubali mnunuzi aipime kwa macho?"

"Hata siku moja! Lazima iingie kwenye mizani!"

"Na fundi mpime hivyo hivyo. Mwambie akuonyeshe kilichoharibika, aguse kwa mkono wake. Mwulize kama kinatengenezeka au lazima kijengwe upya, na kwa nini. Halafu akutajie bei ya vifaa mbali, na bei ya mikono yake mbali. Hapo utajua ni kifaa gani unacho tayari nyumbani. Ukiona bado ni ghali, mwite fundi mwingine atazame pia. Si ugomvi huo, ni haki yako."

"Atakasirika," Walburga alisema.

"Fundi mzuri hakasiriki kuulizwa. Na usimlipe yote mwanzoni. Mlipe kidogo aanze, nyingine mkishawasha moto na kuona."

Ildefonsi alikuna kichwa. "Lakini sementi imekosa nini, Bibi Maendeleo?"

"Haijakosa kitu. Umeipeleka mahali si pake. Sementi inapenda maji. Moto mkali unaipasua. Ndani ya tanuri panataka udongo wa kichuguu, uchanganywe na mchanga na majani makavu yaliyokatwa."

"Kichuguu?" Ildefonsi aliruka. "Kipo shambani kwangu! Kila mwaka napigana nacho!"

Alimfungua nguruwe kamba hapo hapo. Jacqueline akamrudisha bandani huku anaimba.

Dunstan aliitwa tena. Safari hii Walburga ndiye aliyemngoja, mikono kiunoni.

"Fundi, karibu. Tuonyeshe palipoharibika."

Dunstan alishangaa kidogo. Akainama, akagonga, akaingiza kichwa ndani. Alipotoka alikuwa na vumbi puani.

"Kuba ni zima," alikiri. "Jana niliangalia ule ufa tu. Tukibandua lipu, tukiziba hapa juu ya mlango na kukandika udongo, linatosha."

"Vifaa?"

"Udongo, mchanga, majani. Matofali machache."

"Vyote tunavyo!" Ildefonsi alipiga kelele kama ameshinda mpira.

Ikabaki bei ya mikono tu. Walipatana kabla ya kazi kuanza. Haikufika hata bei ya majogoo wawili.

Kazi ilikwenda vizuri. Dunstan alikandika, na Ildefonsi alikanyaga udongo kwa miguu, suruali juu ya magoti. Kisha likaja jambo gumu zaidi kwa Ildefonsi: kungoja. Udongo mbichi hautaki moto mkubwa. Waliuacha ukauke kivulini siku kadhaa. Halafu wakawasha moto mdogo wa vijiti, kesho yake mkubwa kidogo, na siku iliyofuata ukaongezeka tena. Ildefonsi akileta gogo, Walburga analirudisha.

Siku ya kujaribu, Walburga alifungua mlango wa tanuri. Wote wakainama kuchungulia. Akavuta mkate wa kwanza.

Ulikuwa mwekundu juu, mwekundu chini! Alipiga kigelegele, na Dunstan akapokea malipo yake yaliyobaki huku ameshika kipande cha mkate.

Jumapili ya kipaimara mikate ilijaa meza ndefu, na hakuna hata mmoja uliotoka Songea.

Nusu mfuko wa sementi ulibaki. Safari hii Ildefonsi aliuliza kwanza, kisha akaitumia kutengeneza sakafu ya banda la nguruwe, mahali pasipo na moto. Sakafu ilipokauka vizuri, waliitandika majani makavu.

Asubuhi moja Jacqueline alitoka bandani mbio, mikono juu.

"Mama! Baba! Njooni msikie! Ada yangu inalia!"