Kichwa Ambacho Hakikuinuka

"Mtu mzima kama wewe unaogopa watoto?"

Hivyo ndivyo Gathoni alimwambia Wilkister, tena mbele ya watu, handbag ameikumbatia na mikono yote mbili kama kawaida yake. Gathoni ndiye alikuwa mwenye ile nyumba ya watoto huko Isinya, pamoja na kuku za mayai nyuma yake. Wilkister alikuwa matron wake, wa kulea hao watoto.

"Siogopi watoto, madam. Nimesema sitaki kubaki nao peke yangu. Niwekee Ajwang."

"Ajwang ni wa kuku."

"Na mtoto akiumia tena, nani atasema si mimi?"

"Kwani unataka kuwaumiza?"

Wilkister akarudia tu: "Niwekee Ajwang."

Ilikuwa ule mwaka wa kiangazi, ng'ombe zinaisha Kajiado yote, na watoto wa Kimaasai wanaletwa pale angalau wapate uji. Watoto wa adabu. Wakitoka shule walipanga laini mlangoni. Mmoja anainamisha kichwa, matron anamwekea kiganja, mtoto anainuka anaingia. Ndiyo salamu ya kwao. Hata wale hawakuwa Wamaasai walishaishika. Wilkister, mama wa Kibukusu wa kusalimia na mkono, aliipenda sana.

Halafu siku moja akagusa kichwa cha mwisho, na hicho hakikuinuka. Kilikuwa moto kama sufuria. Akasikia harufu ya manyoya ya kuku yakichomwa, akadhani ni Ajwang huko nyuma.

"Inuka, mtoto."

Wapi! Alipovuta mkono ukakataa, kama umeshikwa na gundi. Kisha ukaachilia, na mbele yake hakukuwa na mtu.

Jioni hiyo Kui, kale kadogo kalikuwa kanamfuata kila mahali, kakapatikana kamechomeka utosini. Alama ya kiganja, vidole vyote.

"Nani amekuchoma?" Gathoni akakauliza.

"Ni matron. Niliskia mkono yake."

Na mtoto hakudanganya.

Kakuta, mzee wa kulinda gate, ndiye alimwambia Wilkister ukweli, akiongea chini chini, macho kwa nyumba ya Gathoni.

"Mama, umewahi kuona huyu akigusa mtoto?"

"Hapana. Mimi nilidhani ni maringo."

"Si maringo. Iko na jini. Alitoka nayo Mombasa mwaka alianza kuku. Inataka mkono ya mtu. Yake amenyima, sasa anakupatia wewe. Lakini haiji kama kuna mtu wa pili anaona."

Ndiyo maana Wilkister alipiga kelele mpaka akapewa Ajwang. Na kweli, ikanyamaza. Vichwa vyote vinainuka. Ajwang akawa anacheka: "Hii jini inaniogopa mimi? Hata bwanangu haniogopi!"

Gathoni akaona hiyo amani, akafurahia. "Si unaona hakuna kitu? Sasa wawili ni wa nini?" Akarudisha Ajwang kwa kuku.

Siku hiyo laini ikapangwa. Upepo ulikuwa mwingi, vumbi mpaka kwa meno. Wilkister akaficha mikono ndani ya leso.

"Ingieni tu, wanangu. Leo ingieni tu."

Hakuna aliingia. Mtoto ambaye hajajibiwa atainukaje? Wakabaki wameinama wote, laini nzima, na ile harufu ya manyoya ikaanza kuja, na Wilkister akaita "Ajwang! Ajwang!" lakini upepo ukabeba sauti ukaitupa huko kwa mashamba, na pale mbele kabisa akasikia kasauti kanauliza "Matron, umenikasirikia?" kakilia, kakivuta kamasi, nguo ni ya Kui, bandeji kwa kichwa ni ya Kui, akajiambia huyu namjua, huyu nimemuosha na hii mikono, siwezi kumnyima, akatoa kiganja polepole akaweka, na kile kichwa hakikuinuka, na huko ndani ya nyumba, nyuma ya mgongo wake, Kui akapiga nduru.

Polisi walimuuliza swali moja tu. "Nani alikuwa na wewe?"

"Hakuna."

Basi ikaisha hapo. Kesi ikisikizwa, Kui mwenyewe ndiye alimwonyesha na kidole, analia, anauliza kwa nini matron aliacha kumpenda. Wilkister alifungwa. Siku hizi ametoka jela, anaishi Kware, mkono wa kulia umekauka kama kuni, na akipita na njia akina mama wanavuta watoto wao kando. Gathoni ameongeza nyumba za kuku.

Na sasa nasikia anatafuta matron, na amepata Elsie, huyu wetu, msichana wa Nalianya. Anaanza Jumatatu. Mamake akiambiwa anasema sisi ni wivu, eti hatutaki mtoto wake aandikwe. Na watu wa hii boma wamenyamaza, wanaogopa ugomvi.

Wewe ndiye Elsie anasikiza. Enda umwambie. Kazi achukue kama anataka, lakini aulize kwanza ni nani atakuwa naye hapo mlangoni. Akiambiwa ni yeye peke yake, asiweke hata begi chini. Umwambie leo, usingoje kesho.