Kengele Isiyo na Waya

Kengele ililia saa nne asubuhi, na mzee mpishi akaitikia "Naam, Bwana!" kabla hajakumbuka kwamba Bwana alikwisha kufa, na kwamba waya wa kengele ile aliukata binti wa mzee mwenyewe kwa kisu cha jikoni, siku ile ile waliyohamia.

Alisimama na mwiko mkononi, akaitazama. Kikengele cha shaba juu ya mlango kilikuwa bado kinatikisika. Kipande cha waya kilining'inia chini yake, hakikushika popote.

Nyumba ile ilikuwa ya Bwana Kiko, mtawala wa kizungu aliyewanyang'anya watu mashamba ya bonde zima, akawafanya vibarua juu ya makaburi ya babu zao. Mzee alimpikia miaka thelathini. Kengele ikilia mara moja, chai. Mara mbili, viatu. Aliitwa Boi mpaka mvi zikamjaa kichwani. Kisha bendera ikashuka, nyingine ikapanda, Bwana Kiko akafa kwa kijiba cha roho, na serikali mpya ikaleta mkuu wa wilaya akae humo. Nani? Binti wa Boi! Mzee alicheka mpaka akalia.

Lakini binti alipomwambia, "Baba, njoo mezani tule," alikataa.

"Mimi na jiko tumezoeana, mwanangu. Niache."

Akala amesimama, kama zamani. Na kengele ilipoanza kulia yenyewe, aliitikia kila mara, maana mazoea yana tabu. Harufu ya tumbaku ya kiko ikaingia kwenye mapazia. Jana binti alikohoa kile kikohozi kikavu cha Bwana Kiko, akachungulia dirishani, akauliza, "Wale watu nani kawaruhusu kukanyaga majani yangu?"

Wale watu! Walikuwa shangazi zake na majirani, wamekuja kungoja hati ya kurudishiwa mashamba. Hati ilikuwa mezani kwake. Mwisho wa kutiwa sahihi ni leo, jua kabla halijazama. Ikipita leo, bonde lote linabaki kwa mpwa wa Bwana Kiko.

Mzee akatupa mwiko, akakimbilia kwa mganga, mama mmoja asiyejua kubembeleza, akamweleza yote, naye akamwambia kwamba hilo ni jini la Bwana Kiko.

"Jini hilo linakula nini?" mzee alinong'ona.

"Linakula kuitikiwa. Umeliitikia mara ngapi?"

Mzee akainamisha kichwa. "Kila mara."

"Basi umelinenepesha mwenyewe, kaka. Rudi, ukae kwenye kiti chake pale mezani. Likikuita kwa sauti yoyote ile, usiinuke, usiitike, mpaka binti atie sahihi. Ukiitika mara moja tu, huna mtoto."

Alasiri mzee alivuta kiti cha Bwana Kiko, akakaa. Miaka thelathini alikifuta vumbi, hakuwahi kujua kwamba ni kigumu hivyo. Nyuma ya mlango uliofungwa, ofisini, alisikia kalamu ya binti inakwaruza, inasita, inakwaruza tena. Huko nje watu walikuwa wanaimba.

Kengele ikalia mara moja. Miguu yake ikaruka, akaishika kwa mikono miwili. Ikalia mara mbili. Akauma ulimi. Kisha ikalia mfululizo, na harufu ya tumbaku ikamjaa kooni, na viatu vya mtu mzito vikaanza kumzunguka pale alipokaa, taratibu, vikisimama nyuma ya kisogo chake, vikiondoka, vikirudi, naye jasho linamtiririka, anajisemea moyoni sina Bwana, sina Bwana, mimi ni baba wa mtu, mpaka kalamu ikaanguka sakafuni na kengele ikanyamaza ghafla.

"Baba!"

Ilikuwa sauti ya binti yake, ile ya utotoni, ya siku alipoungua na uji.

"Baba, mkono wangu unashikwa! Baba, uko wapi? Nimebakiza jina la mwisho tu la sahihi, baba yangu!"

Ee Mola, nani angevumilia? Mganga alisema sauti yoyote, na mzee alilikumbuka neno hilo vizuri kabisa. Lakini mtoto alikuwa analia. Aliinuka, kiti kikaanguka, akafungua kinywa amjibu mwanawe, amwambie niko hapa, mama, nakuja.

"Naam, Bwana!" kinywa kikasema.

Kilio kikakatika. Ofisini karatasi ikachanika, polepole, kutoka juu mpaka chini. Kikafuata kikohozi kikavu.

"Chai, Boi," binti yake akasema.

Nje watu walikuwa bado wanaimba. Mzee alitaka kupiga kelele, wallahi alitaka, lakini alipojitazama alikuwa ameshasimama jikoni, na sinia liko mkononi.