Mapanga Yaliyozunguka Kinyume

Jumamosi hiyo soko la Kasulu lilifurika, na Asnath alikuwa akipenya katikati ya watu na bomba refu la plastiki begani. Alipoitwa na muuza nyanya akageuka ghafla, ncha ya bomba ikamgonga mwanamume mmoja sikioni.

"Pole, kaka. Sikukuona."

"Bomba lako limeniona vizuri tu," alisema yule mwanamume akijisugua sikio. "Unajenga choo?"

"Nachonga mapanga ya mtambo wa umeme wa upepo. Nafundisha fizikia shule ya Kitahana, Kibondo."

Mwanamume akasahau sikio lake. Aliitwa Godson, alivaa ovaroli ya bluu iliyojaa unga wa mbao, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya mitambo ya upepo. Asnath naye alivaa gauni la kitenge cha njano na raba nyeupe ambazo vumbi la huku lilikuwa limezigeuza nyekundu tangu wiki ya kwanza alipohamishiwa kutoka Mbeya. Hakujua kutulia. Kabla chai aliyokaribishwa haijapoa alikuwa amesimama ndani ya karakana ya Godson, anapapasa mapanga sita mapana.

"Umeiga pangaboi."

"Kuna ubaya?"

"Pangaboi linausukuma upepo, na wewe unataka upepo ulisukume lako. Mapana hivi yanaanza upesi, halafu yanabaki na uvivu. Jenereta inataka mbio. Weka matatu, membamba, uyapinde kidogo kidogo kutoka shina hadi ncha, maana ncha ndiyo inayokimbia zaidi."

"Mwalimu, mbona unanifokea?"

"Ndivyo ninavyoongea nikipenda kitu."

"Basi endelea kunifokea."

Akaendelea, kwa simu, miezi mitatu mfululizo. Asnath alipiga wakati wa mapumziko ya chai akizunguka uwanja wa shule, maana kukaa na simu kulimshinda. Walianza na pembe za mapanga wakaishia kuitana mpenzi, na hakuna aliyekumbuka nani alianza.

Ndipo Mzee Felisiani wa kijiji cha Kagerankanda akataka umeme kwa ajili ya saluni ya kunyoa. Asnath akachora mapanga mapya, akautuma mchoro Kasulu kwa basi la kutoka Kibondo.

"Kipenzi, mbona huu mkunjo unaelekea kushoto?" Godson aliuliza kwenye simu. "Nikichonga hivi si yatazunguka kinyume?"

"Fuata mchoro, Godson. Kengele imelia, nakimbia darasani."

Akafuata. Siku ya kuwasha, nusu ya kijiji ilikusanyika kilimani, Asnath naye akiwemo. Upepo ulikuja, mapanga yakashika kasi ambayo Godson hajawahi kuiona, taa ya saluni ikawaka nyeupe, watu wakapiga makofi. Lakini yalikuwa yanazunguka kinyume. Nati iliyoyashika, ambayo mzunguko wa kawaida huikaza, ikawa inajifungua polepole. Mara mapanga yote matatu yakachomoka, yakaruka juu ya migomba na kutua kwenye maharage ya jirani. Hakuumia mtu.

"Fundi, umekuja kutuua?" Mzee Felisiani aliuliza.

Godson alimtazama Asnath. Na Asnath, mbele ya watu wote wale, akasema kwa sauti ya darasani: "Mimi nilichora sawasawa. Sijui yeye amechonga nini."

Neno hilo lilifika Kasulu kabla yao. Wateja wawili wakaghairi ndani ya wiki hiyo. Godson aliacha kupokea simu, na Asnath akawa haelewi amkasirikie nani. Alisahihisha madaftari akiwa amesimama, akafua nguo safi, akaanza barua ya kuomba uhamisho akaichana, akaanza nyingine.

Siku ya kumi ikaja bahasha kutoka Kasulu. Ndani ulikuwa mchoro wake, na pembeni ya kila kipimo Godson alikuwa ameweka alama ndogo ya kalamu kuonyesha amekifuata. Hakuandika neno. Asnath aliuinua dirishani kwenye mwanga, akaugeuza, na kwa nyuma ndipo mapanga yakakaa sawa. Alikuwa amechora kama mtu aliyesimama nyuma ya mtambo, na hakuandika popote. Fundi aliuliza, yeye akamkatia simu. Aibu ilimshika mpaka akakaa chini.

Jumapili watu wa Kagerankanda walipotoka kanisani walimkuta amesimama uwanjani, mchoro mkononi.

"Mwakeye," aliwaamkia kwa Kiha chake kibovu. "Mzee Felisiani, kosa lilikuwa langu. Godson aliliona mapema, akaniuliza, nikampuuza. Halafu nikamsingizia mbele yenu. Kazi yake haikuwa na doa."

"Unasema hivi kwa sababu ni mchumba wako?"

"Hapokei hata simu yangu, mzee. Nasema kwa sababu ni kweli."

Mzee akatoa simu yake mwenyewe. "Fundi? Njoo umalizie kazi yangu."

Kesho yake likizo ilianza, na Asnath akaenda moja kwa moja karakana. Godson alikuwa ameshafunga ubao mpya mezani. Hakuinua macho.

"Nimesikia ulichosema."

"Nilitakiwa kukisema siku ileile."

"Ulitakiwa." Aliendelea kupiga randa. "Iliniuma, Asnath. Mapanga kuanguka si kitu. Wewe kunikana ndiko kulikoniuma."

"Najua. Nisamehe. Nikuchoree mengine?"

"Sitaki karatasi. Kaa hapa uangalie ninavyochonga."

"Mpaka lini?"

"Wewe huchelewi kuchoka."

"Sijachoka na wewe hata siku moja."

Randa ikasimama. "Nikituma mshenga kwenu Mbeya, ataambiwa nini?"

"Ataambiwa binti yetu ana kiburi."

"Hilo tunalijua. Lingine?"

Asnath alikuwa ameshatoa simu, anazunguka meza.

"Mama? Shikamoo. Mwambie baba asisafiri mwezi ujao."