Nati ya Kushoto

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sada alifagia karakana ya mjomba wake Lukmani mtaani Bilele, mjini Bukoba. Aliokota misumari na vipande vya bati, akapanga spana kwa ukubwa wake, kisha akanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni ya mche. Weusi haukutoka wote hata siku moja, na wenzake wa darasa la sita walimwita Fundi. Sada hakukasirika. Baba yake, marehemu Hamidi, naye aliitwa hivyo.

Ilikuwa mwaka 1990, na misiba ilikuwa haikauki mjini. Hamidi alifariki mwaka uliotangulia, akiwa amekonda hata shati lilimpwaya kama limeanikwa. Haukupita muda mrefu, mama yake Sada, Ashura, naye akaanza kuugua, akapelekwa Muleba kwa bibi ili apate wa kumtunza. Sada alibaki Bukoba kwa ajili ya shule, akiishi na Lukmani, kaka wa mama yake. Kila alipouliza habari za mama, mjomba alitazama pembeni akajibu, "Ni malaria tu. Anaendelea vizuri."

Katikati ya karakana lilikaa gari la baba. Lilikuwa gari kuukuu la Kimarekani, refu, lenye injini ya silinda nane, na mtaa mzima uliliita Meli. Wakati wa Vita vya Kagera, Hamidi alilitumia kuwahamisha kina mama na watoto kwenda Muleba. Barabara zilikuwa mashimo matupu. Springi za mbele zikakatika, na vipuri vyake havikupatikana tena. Hivyo likaegeshwa, kuku wakataga mayai kwenye viti.

Sasa mjomba alitaka litembee. Ashura alikuwa ameomba arudishwe nyumbani kwake Bilele, na mgonjwa kama yule asingeweza kupandishwa juu ya lori la samaki. Mjomba alipata gari dogo la michezo la Kijapani, lililokuwa limepinduka na kutupwa nyuma ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja. Nyuma lilikuwa chuma chakavu, lakini mbele lilikuwa zima: springi, shokapu, breki na mikono ya chuma inayoshika magurudumu. Mjomba aliifungua miguu yote ya mbele ili aipachike chini ya Meli.

"Lukmani, unamvisha babu viatu vya mjukuu!" majirani walimtania.

"Vikimtosha atacheza ngoma," mjomba akajibu.

Havikumtosha kirahisi. Gari la Kijapani lilikuwa jembamba na Meli ilikuwa pana. Ilibidi kukata chuma, kuchomelea vibati vinene pande zote mbili, na kupima kwa kamba kutoka katikati ya fremu ya gari hadi kila gurudumu. Sada ndiye aliyeshika ncha ya kamba. Pande zikitofautiana hata kwa unene wa kidole, mjomba alikata akaanza upya. Alisema gari linalovuta upande mmoja siku moja litamwingiza mtu mtoni.

Lakini kilichowachelewesha zaidi ni misiba. Ilikuwa desturi ya mtaa kwamba kilio kikisikika, kila fundi anaweka nyundo chini, na hailii tena mpaka matanga yaanuliwe. Zamani jambo hilo lilitokea mara chache kwa mwaka. Sasa matanga ya nyumba hii hayajaanuliwa, kilio kinaanza nyumba ile. Sada alianza kuwachukia wafu wa watu, kisha akajionea haya kwa kuwachukia.

Jumamosi moja kazi ilibaki kidogo sana. Kila gurudumu la mbele lilishikiliwa na nati kubwa, na kila nati ilitakiwa kutiwa pini ya chuma ili isijifungue njiani. Pini za dukani hazikuwepo, kwa hiyo mjomba alizitengeneza kwa misumari, akizipigilia na kuzikunja kwa nyundo. Alikuwa amemaliza upande wa kulia kilio kiliposikika nyumba ya pili. Papo hapo akaweka nyundo chini.

"Malizia kushoto," alimwambia Sada huku akivaa kanzu. "Kaza nati kwa spana. Pini ikikubali kuingia kwa mkono, itie. Isipokubali, iache, tutaigonga matanga yakiisha."

Sada alikaza nati kwa nguvu zake zote. Pini haikukubali. Aliisukuma kwa kidole gumba, akaibana kwa koleo, akaizungusha, haikuingia. Akaiweka mfukoni, akafunga gurudumu.

Kesho yake asubuhi alifika Shilogile, mchuuzi wa samaki wa kisiwani Goziba, ambaye alisafiri usiku kucha juu ya lori na kupitia Muleba. Hakukaa hata kunywa kahawa.

"Lukmani, dada yako amezidiwa," alisema. "Anakuita. Msichelewe."

Mjomba alikuwa amerudi kutoka makaburini jioni iliyotangulia, macho yake mekundu kwa uchovu. Alimgeukia Sada. "Ile pini ya kushoto iliingia?"

Sada alijua akisema hapana watasubiri, kwa sababu mjomba hakuwahi kuivunja desturi ile, na matanga yalikuwa ndiyo kwanza yameanza. Aliigusa pini mfukoni.

"Iliingia, mjomba."

Waliondoka. Walipanda mlima wa Kibeta, wakapita Kemondo, na Meli ilitembea kama haijawahi kulala na kuku. Ilikata kona kwa wepesi, ilipita kwenye mashimo bila kuruka, na mjomba alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kisha, mbele kidogo, Sada akasikia mlio mdogo upande wa kushoto. Kwa, kwa, kwa.

"Mawe hayo," mjomba alisema.

Sada alijua si mawe. Akisema, watasimama na mama atasubiri. Asiposema, labda watafika. Aliitazama mikono ya mjomba kwenye usukani, mikono iliyomwamini, akashindwa kuendelea kuficha.

"Mjomba, simama! Nilikudanganya. Pini haikuingia."

Mjomba alikanyaga breki taratibu, gari likasimama kando ya migomba. Alitoa jeki, akainua Meli, akafungua gurudumu. Nati ilikuwa imebaki kwenye nyuzi za mwisho, karibu ichomoke. Mbele yao, hatua chache tu, barabara ilishuka kwa mteremko mkali hadi kwenye daraja. Mjomba akaketi kwenye nyasi, akiutazama mteremko.

Hakumpiga. Sada alitamani angempiga.

Pini iliyokuwa mfukoni mwa Sada ilikuwa imepinda kwa kulazimishwa, haikufaa tena. Karibu na hapo palikuwa na kibanda cha seremala, mzee Rutashobya, na mlio wa nyundo yake ulifika barabarani. Mbele ya kibanda yalisimamishwa majeneza mapya, marefu na mafupi. Mjomba alimweleza shida yao.

"Chukua msumari, waitu, na nyundo uitumie," mzee alisema kwa heshima ya Kihaya, akimpa msumari mnene. "Kwingine kote wananyamazisha nyundo kwa ajili ya msiba. Yangu msiba ndio unaoigonga. Asubuhi hii nimemaliza sanduku la mtoto wa mwanangu."

Mjomba alimpa pole, akarudi kwenye gari. Alikaza nati, akapigilia msumari, akaukunja vizuri. Alipomaliza alimwita Sada.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Niliogopa tutasubiri, mama afe kabla hatujafika."

"Nani alikuambia mama atakufa? Mimi nilikuambia ni malaria."

"Hata baba mliniambia ni malaria," Sada alisema, akalia.

Mjomba aliinamisha kichwa. Kisha akamshika bega. "Umesema kweli. Mimi nilitangulia kukudanganya. Baba yako alikufa kwa UKIMWI, na mama yako anao. Dawa ya kuuponya hakuna, mwanangu. Sikujua nikuambieje."

Walifika Muleba jua limeanza kupungua nguvu. Ashura alikuwa hai. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba mjomba alimbeba peke yake, akamlaza kiti cha nyuma, kichwa kikiwa mapajani kwa Sada. Sada alisita kumshika.

"Mguse," mjomba alimwambia. "Huambukizwi kwa kumshika wala kwa kula naye. Jihadhari na damu na vidonda tu."

Sada akakipapasa kichwa cha mama yake njia nzima. Mama alifumbua macho walipopita kwenye mashimo.

"Mbona hairuki?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Enzi za Hamidi ilikuwa inatuvunja mgongo."

Ashura aliishi nyumbani kwake hadi msimu wa senene, mwishoni mwa mwaka. Sada alimlisha ndizi zilizopondwa, akamwogesha, akamsomea masomo ya shule. Alimweleza pia habari ya pini. Mama alisikiliza yote, akasema, "Ulichelewa kusema, lakini ulisema tungali hai. Na mimi, ugonjwa wangu usiufiche nikishaondoka."

Siku ya matanga yake, ua ulijaa watu. Wanawake walikaa mkekani, na mmoja akauliza kwa kunong'ona marehemu aliugua nini. Shangazi wa ukoo akajibu haraka, "Malaria. Malaria kali."

Sada alikuwa anagawa kahawa. Akasimama.

"Si malaria," alisema. "Mama yangu alikufa kwa UKIMWI. Na baba pia."

Shangazi alimvuta mkono akae, lakini mjomba Lukmani aliinuka upande wa wanaume, akaja akasimama karibu naye.

"Mwacheni," alisema. "Mtoto huyu aliniambia ukweli barabarani, nikasimamisha gari, ndiyo maana nimesimama hapa. Mimi nilimficha ugonjwa wa wazazi wake nikidhani namhurumia, naye akajifunza kwangu kuficha. Kazi ambayo haijaisha tuseme haijaisha. Ugonjwa tuuite kwa jina lake, ili aliyebaki ajue namna ya kujilinda. Tukiendelea kusema malaria, tutaendelea kuzikana."

Watu wakaanza kusogeza vikombe. Kisha mwanamke kijana aliyebeba mtoto mgongoni, aliyefiwa na mumewe mwezi uliopita, akamsogelea mjomba, akamwuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli hospitali wanapima damu.

"Wanapima," mjomba akamjibu. "Kesho nitakupeleka mwenyewe."

Sada akaweka birika chini. Alikaa mkekani karibu na yule mwanamke, akampokea mtoto, akamlia mama yake mpaka machozi yakamwishia.