Waliojibu kutoka Chini

Jumapili ya tarehe nane Septemba, saa sita mchana, upepo uligeuka ukatoka kaskazini. Haya alinisimulia Fergal, nahodha wa boti ya wapiga mbizi hapa pwani ya Donegal. Mdogo wangu Eunan alikuwa chini ya maji peke yake, kwenye meli iliyozama vitani na mabaharia wake.

“Bahari itakutapika, we mtoto,” Fergal alikuwa amemtania kabla hajashuka.

“Nikitapikwa nakuangukia wewe, mzee!”

Mawimbi yakavunja vioo vya boti, yakambwaga Fergal sakafuni, damu puani. Akatambaa, akagonga kwa spana ngazi ya chuma iliyoingia majini, kumwita Eunan apande. Kwa desturi, aliye chini hujibu kwa kugonga chuma cha meli. Eunan akajibu. Kisha akajibu mwingine, na mwingine, hadi mlio ukaitikisa boti.

Kamba aliyoshukia ilivutwa tupu. Ee Mungu, mpumzishe Eunan, na wote waliogonga pamoja naye.